Unga Chini ya Mkrismasi

Asubuhi ile niliamka nikakuta unga sakafuni, chini ya mguu wa kitanda, na wazo la kwanza lililonijia ni kwamba nimezembea. Mimi napika keki za sherehe hapa Masasi, katika chumba kimoja cha kupanga, na unga wa ngano ninaishi nao kama wengine wanavyoishi na vumbi la barabara. Unaingia kwenye nywele, kwenye kucha, kwenye matundu ya simu. Lakini chini ya kitanda, hapana. Kila siku kabla ya kulala napiga deki mpaka kwenye kona, kisha narudi na tochi ya simu kukagua pale pale nilipopiga deki. Najua si kawaida. Hakuna aliyenifundisha kupika keki, nimejifunza mwenyewe kwa kutazama na kuharibu, na aliyejifunza mwenyewe huwa na hofu moja ambayo haimwachi: kwamba lipo jambo dogo ambalo watu wote wanalijua isipokuwa yeye.

Mezani palikuwa na keki niliyoioka jana yake, imeinama kidogo upande mmoja. Kidogo sana, mteja asingeiona. Nilikuwa nimeshaamua kuitupa. Na wiki hiyo hiyo Bibi alikuwa amenipigia simu kutoka Newala kuniuliza lile swali lake, "Ester, unakuja lini?" nami nikamjibu jibu langu la siku zote: "Nikishapata oveni kubwa, Bibi, nikupikie keki ya kweli, nije nayo." Akasema haya. Bibi hana kawaida ya kubishana kwenye simu.

Basi nikapiga magoti na kitambaa chenye maji. Kabla sijafuta, nikauona ule unga vizuri. Haukuwa umemwagika. Ulikuwa umerundikana, kijirundo chenye ncha, kama umedondoshwa punje kwa punje na mkono usio na haraka. Nikachukua kidogo kati ya vidole. Haukuteleza kama ngano. Nikanusa: harufu ya ubao, na ndani yake utamu wa mbali, kama karanga zilizoanikwa juani. Nikabaki nimepiga magoti, kitambaa kikichuruzika maji kwenye gauni, na chumba changu cha Masasi kikaanza kujaa ukungu.

Ukungu wa kule juu, mliokulia huko mnaujua. Wakati wa kipupwe Newala huamka ikiwa ndani ya wingu. Ukisimama ukingoni, pale ambapo nchi inakatika na kushuka kuelekea Ruvuma, huoni bonde, unaona maziwa yametandazwa mpaka mwisho wa macho. Jogoo anawika na hujui yuko upande gani. Mtu anakuja na kikohozi chake kwanza, kisha ndoo, kisha yeye mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeshaanza shule, lakini asubuhi kama hizo niliweza kuamini jambo lolote.

Nilikuwa nakaa kwa Bibi, mama yake mama. Mama alikuwa ameshuka Masasi kupika chakula stendi, awauzie abiria na madereva, kwa sababu korosho za mwaka ule hazikututosha. Siku aliyoondoka nilimng'ang'ania kitenge mpaka kikafunguka. Akakifunga upya, akainama, akaniambia, "Usilie. Mkrismasi wa bibi yako ukichanua, utaniona."

Mkrismasi ulikuwa uani, ule mti unaowaka maua mekundu mwisho wa mwaka, matawi yake yakitanuka kama mwavuli uliofunguliwa kwa nguvu. Babu aliupanda kabla sijazaliwa. Tawi moja kubwa lilipita juu ya paa, na paa lile ndilo lililotupa maji: mvua ilishuka kwenye bati, ikaingia kwenye gata, ikateremka hadi kisima kilichochimbwa kando ya nyumba. Maji ya bomba kule kwetu yalitoka siku yalipopenda yenyewe. Kwa hiyo kila mwaka maua yalipoanguka na kuziba gata, Mjomba Filipo, kaka yake mama, alipanda ngazi akinung'unika kwamba tutakunywa chai bila kuweka majani. Kwetu neno la mjomba ndilo neno la nyumba. Lakini neno la Bibi ndilo lilikuwa neno la Mjomba, kwa hiyo mti ulibaki.

Mama alipotamka maneno yale alimaanisha Desemba, kama mtu anayesema korosho zikianza kuanguka au mvua ikinyesha. Mimi niliyapokea kama mapatano. Mti ukichanua, atakuja. Usipochanua, je? Hakusema. Nami sikuuliza, kwa sababu tangu utotoni nina ugonjwa huu: swali ninaloliogopa jibu lake silitoi mdomoni, ninalibeba.

Kazi yangu ilikuwa kufagia uwanja kabla ya kwenda shule. Nilifagia kwa mistari. Nilianzia mlangoni nikarudi kinyumenyume, ufagio ukiacha michirizi sawasawa kama nywele zilizochanwa, na kuku akikanyaga nilirudia mstari mzima. Asubuhi moja, ukungu ukiwa bado umelala chini, ufagio wangu ulifika kwenye shina la mkrismasi, karibu na kuni Mjomba alizokuwa amezipanga pale, nikasimama. Ardhini palikuwa na kijirundo cha unga. Kidogo, cha rangi ya njano iliyofifia, chenye ncha juu.

Niliutambua mara moja. Au niseme, nilidhani.

Mwaka uliotangulia, kabla mtoto wa Mjomba hajapelekwa jando, wakubwa walikwenda kwenye mti wa msolo kule nyuma ya mashamba, nasi watoto tukafuata kwa mbali. Mzee mmoja alichuchumaa akawa anadondosha unga wa mtama chini ya mti, taratibu, akizungumza na waliotangulia kwa majina yao, mpaka unga ukafanya kilima chenye ncha. Kisha wakaufunika. Kesho yake walirudi kuutazama. Bibi alinieleza njiani: wakiukuta umesimama vile vile, ombi limepokelewa. Wakiukuta umebomoka, kuna jambo halijakaa sawa. Nilitembea njia nzima nikiwaza ule unga uliolala peke yake porini, na upepo, na panya, na jinsi ombi la watu wengi linavyoweza kuharibiwa na mguu wa mdudu.

Sasa huu hapa unga, nyumbani, chini ya mti ambao Mama alikuwa ameutaja. Ni nani aliyekuwa akiamka kabla yangu? Bibi. Ni nani aliyeujua mti? Bibi. Alikuwa anamwombea Mama arudi. Na alikuwa anafanya kwa siri kwa sababu Jumapili aliimba kwaya kanisani, kwenye mstari wa mbele, na mambo ya msolo aliyaacha kwa Mjomba na wazee wa ukoo. Kila kitu kilikaa mahali pake. Nikakizungushia kijirundo mawe madogo, nikafagia kwa kupinda, mistari yangu ikazunguka mawe kama maji yanavyozunguka mwamba.

Kesho yake ulikuwa umeongezeka. Ncha ilikuwa imesimama. Nilikwenda shule nikiwa mwepesi.

Siku zilizofuata ulitokea mwingine upande wa pili wa shina, kisha mwingine mbali kidogo, chini ya tawi. Kila mmoja niliuwekea mawe yake. Kuku wakawa maadui zangu. Ule wa kwanza, uliokuwa mkubwa kuliko yote, nikaufunika kwa ungo wa Bibi, kama nilivyowaona wazee wakifunika. Na mchana nikitoka shule nilikuwa nalaza sikio kwenye shina. Gome lilikuwa na joto la jua. Ndani kabisa, kama kutoka chumba cha mbali, nilisikia kitu kikitafuna. Kr, kr, kr. Kinanyamaza, kinaanza tena. Sikuogopa. Waliotangulia walikuwa wanakula walicholetewa. Niliwaza ni Babu, kwa kuwa mti ulikuwa wake. Nilifumba macho nikamsikiliza akila, na sijui kama nimewahi tena kupata utulivu kama ule.

Ungo ndio ulioleta maneno. Bi Somoe alikuwa jirani yetu, Myao, na Bibi Mmakonde, kwa hiyo walikuwa watani, na watani wa kwetu huambiana mambo ambayo wengine wangepelekana kwa mwenyekiti wa mtaa.

"Hodi kwa Wamakonde!" Bi Somoe aliita.

"Karibu," Bibi alijibu kutoka jikoni. "Ukishaingia, ungo wangu uweke hapo mlangoni."

"Ungo gani tena?"

"Ungo wangu wa kupepetea. Umeondoka jikoni. Hapa haingii mtu ila wewe na kuku, na kuku hawana mikono."

"Mie nichukue ungo wa Mmakonde? Ungo ulioanikiwa panya? Niupeleke kwangu wanangu wakatapike?"

"Panya mnawatamani, mnaona haya tu kuomba."

"Toba! Ester, shika mkono bibi yako, mpeleke hospitali, ameanza kuweweseka."

"Shikamoo, Bi Somoe," nilisema, nimesimama mbele ya shina nimetanua gauni kwa mikono miwili.

"Marahaba, mama. Mbona umesimama kama kuku wa mayai?"

Walicheka wote wawili. Nami nikacheka, ungo ukinigusa kisigino.

Kisha kipupwe kikaisha, jua likawa kali, na watu walikuwa mashambani mpaka jioni wakiokota korosho. Hapo nikaanza kuona kwamba mti hauko sawa. Majani machache uliyokuwa nayo yalikuwa yamenyauka kwenye tawi moja, kama yamepitiwa na moshi. Siku moja upepo wa mchana uliangusha kijitawi juu ya bati kwa kishindo, Bibi akatoka jikoni mbio. Kilivunjika kwa wepesi, kama njiti ya kiberiti. Nikazidisha uangalifu. Nikadhani labda siku moja nilikanyaga pembeni ya jiwe bila kujua. Nilirudia kufagia mara mbili, tatu, nikachelewa shule.

Jumamosi Mjomba Filipo alikuja na shoka na panga, akasimama chini ya mti ameshika kiuno. Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka anabangua korosho za kula nyumbani, na Bi Somoe pembeni yake anamsaidia kuzila.

"Mama, tawi hili limekufa," Mjomba alisema. "Na mti unalifuata. Upepo wa mvua ya kwanza, tutaukuta umelala juu ya bati. Gata likivunjika mwezi wa mvua tutakunywa nini, ukungu?"

"Nti huu aliupanda baba yako," Bibi alisema. Bibi hakusema mti, alisema nti, na mpaka leo neno hilo nikilisikia vile namwona.

"Mti aliupanda baba, mama. Bati nililipandisha mimi."

Bibi aliangalia bati, akaangalia kisima, akaangalia mikono yake iliyokuwa myeusi kwa maganda ya korosho. Nilimjua Bibi. Alikuwa anakubali.

Mjomba akaegemeza panga, akashika shoka. Nami nikapaza sauti ambayo sikujua kama ninayo.

"Usiukate, Mjomba! Mama hatakuja! Bibi anaomba hapa! Bibi anatia unga kila siku!"

Korosho ya Bi Somoe ilisimama njiani kuelekea mdomoni. Kisha akapiga makofi.

"Alaa! Mwanakwaya wetu! Kumbe Jumapili unapanda sauti ya kwanza, Jumatatu unatia unga!"

"Somoe, nyamaza," Bibi alisema. Hakuwa anatania. "Ester, njoo. Unga gani?"

Nilienda kwenye shina nikafunua.

"Ungo wangu," Bibi alisema.

"Niombe radhi, Mmakonde," Bi Somoe alidakia. "Niombe sasa hivi, mashahidi wapo."

Bibi alikuwa ameshapiga magoti. Alichukua ule unga niliouhifadhi, akaupikicha, akaunusa, akautazama kwa muda kama anasoma. Mimi nilitazama uso wake, nikingoja akasirike kwa kufichuliwa siri. Badala yake aliniangalia kwa mshangao mtupu. Bibi hakuwa anaujua unga huu. Hajawahi kuuona.

"Huu haukupita kinuni," alisema polepole. "Huu umepita menoni." Kisha akainua kichwa. "Filipo, simama hapa alipozungusha mawe. Tazama juu yake, wima."

Mjomba akasimama, akatazama. Juu ya kichwa chake, kwenye upande wa chini wa tawi, palikuwa na tundu la duara, safi, la kuingia penseli. Akahamia kwenye mawe mengine. Tundu. Mengine, tundu. Kila duara langu la mawe lilikuwa limekaa chini ya mlango wa mtu.

"Bungua," Mjomba alisema. Akaweka shoka chini. "Na ntoto ametuwekea alama zote."

Alikwenda kwenye baiskeli yake mbovu akang'oa spoku, akaikunja ncha ikawa ndoana ndogo, akaleta ngazi. Bibi akaleta pamba na chupa ya mafuta ya taa. Nilishikilia ngazi. Mjomba aliingiza spoku tunduni, taratibu, ikapanda ndani ya tawi mpaka nikadhani itatokea angani, kisha mkono wake ukasimama. Akasukuma. Kulitoka mlio mdogo, kama ganda la karanga. Alipovuta, kwenye ncha palikuwa na mdudu mweusi, wa duara kama kipande cha mkaa, kichwa kimeinamia kifuani kama amevaa kofia iliyomzidi.

Aliniwekea kiganjani. "Huyu ndiye uliyekuwa unamfugia."

Alikuwa mzito kuliko nilivyotarajia. Miguu yake ilikuwa bado inajikunja. Nilimtazama nikalia, na wote wakadhani nalia kwa woga.

"Amekufa huyo, hang'ati," Mjomba alisema.

"Nilikuwa namsikia anakula," nilimwambia Bibi. "Nilidhani ni Babu."

Bibi alinifuta uso kwa pembe ya kanga. Mdomo wake ukaanza kutetemeka.

"Babu yako," alisema, "alikufa hana jino hata moja."

Bi Somoe aliangua kicheko akashika ubavu, na Bibi naye, na Mjomba juu ya ngazi, mpaka ngazi ikacheza. Nilicheka pia, machozi yakiwa bado yananitoka. Babu wangu wa mtini alikufa jioni ile, na ajabu ni kwamba nilipata mwingine, mwenye fizi tupu, ambaye sikuwa nimesimuliwa kabla.

Kila tundu Mjomba alilichokoa kwa spoku, akasukumia pamba iliyolowa mafuta ya taa, akaziba kwa udongo wa kichuguu uliokandwa na maji. Harufu ile, mafuta ya taa na mbao mbichi na udongo, ilikaa kwenye vidole vyangu hata baada ya sabuni. Tawi lililokufa alilikata, pamoja na lile lililopita juu ya bati. Alipotaka kuyapanga kwenye kuni pale shinani, Bibi alimzuia.

"Na hizi kuni nani aliziweka hapa?"

Zilikuwa kuni za mikorosho aliyoipogolea mwenyewe. Bibi alivuta moja akamwonyesha. Ilikuwa imetobolewa matundu yale yale, na alipoigonga kwenye jiwe ikamwaga unga. Hawa huzaliwa kwenye mti uliokufa, alimwambia, wakishakomaa wanatafuta ulio hai. Mjomba alijikuna kisogo. Jioni ile moto wetu ulikuwa mkubwa kama wa harusi.

"Nauacha," Mjomba alisema akiondoka. "Mvua ikianza ukatoa majani, utabaki. Usipotoa, mama, nitarudi na shoka, na safari hii msinililie."

Tangu siku hiyo kazi yangu ikageuka. Nilitakiwa kutafuta unga, si kuutunza, na nikiuona nikaseme. Mjomba akipita na baiskeli alikuwa anaita kutoka barabarani, "Bwana shamba! Taarifa?"

"Hakuna unga, Mjomba!"

"Vizuri sana!"

Haikuwa vizuri. Wao walifurahi kwamba uwanja ni safi, na mimi nililala nikiwaza kwamba sasa hakuna hata mmoja anayemwombea Mama. Matawi yalikuwa matupu, na vidonda vya udongo vilionekana kama plasta. Mti hauwezi kuchanua hivi. Kwa hiyo asubuhi moja, ukungu mwembamba umebaki kwenye migomba tu, nilichota unga wa muhogo jikoni kwa kiganja, nikachuchumaa chini ya shina, nikaanza kuudondosha taratibu. Ncha ilikataa kusimama. Iliporomoka upande, nikaukusanya nikaanza tena. Ikaporomoka. Unga wa bungua ulisimama wenyewe, wangu haukutaka.

"Unaomba nini?" Bibi aliuliza. Alikuwa amesimama nyuma yangu, sijui tangu lini.

"Uchanue."

"Kwa nini?"

Lile swali nililokuwa nalibeba likatoka. "Mama alisema ukichanua atakuja. Usipochanua, je?"

Bibi alichuchumaa kando yangu, magoti yakalia. Aliangalia kirundo changu kilichopinda.

"Mama yako alisema hivyo kwa sababu siku ile alikuwa analia kuliko wewe," alisema. "Alishika neno lililokuwa karibu. Angekuwa ameona mbuzi, angekwambia mbuzi akizaa." Kisha akaongeza, kama anajiambia mwenyewe, "Watu wazima tuwe tunaangalia."

Hakuufuta ule unga. Aliuacha umeinama vile vile. Mchana aliazima simu ya Mjomba, akaenda kusimama kwenye kona ya uwanja ambako mtandao ulikuwa unashika, akazungumza Kimakonde cha haraka. Nilisikia jina langu, na neno nti, basi.

Mama alikuja siku isiyokuwa na maana yoyote. Haikuwa sikukuu, mvua ilikuwa bado, mti ulikuwa mifupa mitupu na udongo wake wa kichuguu. Nilikuwa nafagia. Bodaboda ilisimama barabarani, akashuka mwanamke mwenye mfuko wa mikate, na kabla akili yangu haijamaliza kumtambua miguu ilikuwa imeshaanza. Nikaisimamisha. Nilisimama katikati ya mistari yangu na ufagio mkononi.

"Mama, bado," nilimwambia.

"Bado nini?"

"Haujachanua. Umewahi."

Aliutazama mkrismasi. Nikamwona usoni anatafuta neno, kama mtu anayepapasa mfukoni, na nikajua kwamba hakumbuki. Alikuwa amesahau. Maneno niliyoyazungushia mawe msimu mzima yalikuwa yamemdondoka kama vumbi la kiatu siku ile ile aliyoondoka. Kisha akakumbuka. Niliona pia alipokumbuka. Mfuko wa mikate ukashuka chini, na Mama akaketi, na gauni lake la safari, katikati ya uwanja niliokuwa nimeufagia, akanyoosha mikono. Nilipita juu ya mistari yangu yote. Siku hiyo sikuirudia.

Mkrismasi ulichanua baada ya Krismasi. Tawi moja tu, la chini, upande usio na bati, maua machache yaliyojikunyata kama yanaona aibu kuchelewa. Mama alikuwa ameshashuka Masasi, na alikuwa ameshaahidi kurudi bila kutaja mti wala mbuzi. Nilikaa chini ya yale maua nikiyatazama kwa jicho jingine. Yalikuwa maua tu. Sijawahi kuona maua mazuri kama yale.

Ningependa kuandika kwamba tangu hapo nilipona. Sikupona. Niliondoka Newala na mistari yangu. Ninaizungusha keki mezani mara ngapi sijui, nikitafuta pale ilipokosea. Na nimekuwa mtu wa nikisha. Nikishapata oveni. Nikishapata chumba chenye dirisha la maana. Nikishajua kupamba vizuri, nitakwenda. Nimezungusha mawe kwenye kila safari ya kwenda kwa Bibi, nikangoja ncha isimame, na yeye kule juu anazeeka, sauti yake inazidi kuwa nyepesi kila ninapomsikia kwenye simu.

Basi asubuhi ile ya unga nilikipindua kitanda. Kwenye mguu palikuwa na vitundu vidogo, vidogo kuliko vya mkrismasi, lakini unga ni ule ule. Nilipata waya, nikapata pamba, nikamwomba mama mwenye nyumba mafuta ya taa kidogo. Niliziba kila tundu. Chumba kikanuka utoto wangu wote. Nikalaza sikio kwenye ubao: kimya.

Kisha nikanawa mikono, nikachukua ile keki iliyoinama, nikaifunga kwenye boksi kama ilivyo, nikapiga simu. Iliita kwa muda. Nilimwona anatafuta simu mkekani, anatoka nayo hadi kwenye ile kona ya uwanja.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mama. Umeamkaje?"

"Salama. Bibi, mti umechanua?"

Nilisikia upepo wa kule juu ukipita kwenye simu, na kuku.

"Bado," alisema.

"Basi nakuja."